Siku Nilipoandikwa Mwongo

Mimi sikuwa nasema uongo. Sijisifu, naeleza tu. Nilipoolewa nikaletwa Mchinga, wiki ya kwanza mama mkwe alipika mchuzi wa papa, akaniuliza kama umekolea. Nikamwambia haukukolea, na tui limekatika. Mume wangu akaacha kutafuna. Mama mkwe akanitazama, kisha akasema, "Haya, kesho utapika wewe." Nikapika mimi miaka kumi na minne.

Mtaani wakanizoea. Mtu akishona kanzu mpya hupita njia ya nyuma asikutane nami. Jirani mmoja alinionyesha mwanawe mchanga, akasema, mtazame, kafanana na babake. Nikasema hapana. Mimi nilikuwa nazungumzia masikio tu, lakini yule mwanamke hakuniitikia salamu mpaka mtoto alipoanza kutambaa.

Niliona kweli ni moja. Hakuna ya Mchinga na ya Lindi, wala ya mkubwa na ya mdogo. Ukisema upande huu iwe hivi na upande ule iwe vile, umekwisha kuwa mwongo, hata kama hujafungua mdomo. Ndivyo nilivyoona, na nilikuwa nawaambia watu bila kuulizwa.

Sasa, nilikuwa na mtani. Yeye alikuwa Mmatumbi, mtu wa Kipatimu huko milimani, akateremka pwani akaoa kwetu, akawa mkwezi wa minazi. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu bibi yangu hajazaliwa. Kwa asiyejua, utani wetu una sheria zake. Mtani akikuta chungu chako jikoni, anakula. Akimkamata kuku wako akavuka naye ua, kuku ni wake. Wewe ruhusa yako ni kumtukana, umtukane yeye na babu zake, utukane mpaka koo likauke. Kitu usichoruhusiwa ni kukasirika. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

Yeye aliniita "mke wangu" mbele ya mume wangu, na mume wangu akacheka. Mimi nilimwita nyani, kwa ile kazi yake ya kupanda minazi. Alikula kwangu wali usiohesabika. Mimi nilichukua kwake mkungu wa ndizi, nikachukua mchi wa mkewe, na siku moja nilichukua suruali yake iliyoanikwa nikaipasua matambara ya kushikia vyungu. Alikuja akayaona matambara, akaniambia nimekata vibaya.

Hayo yalikuwa wakati wa Mwingereza, baada ya vita vile vya pili. Nilikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mwenye roho mbaya, alimdonoa mama mkwe kwenye muundi kila asubuhi akienda kutawadha. Asubuhi moja nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, nasikia jogoo analia. Nageuka, mtani wangu huyo, jogoo kwapani, anavuka ua.

Nikaondoka mbio na ile mbuzi ya nazi mkononi. Yeye anakimbia anacheka, mimi nyuma napiga kelele, "Mwizi! Mwizi huyo, mwizi wa Kipatimu, ukoo mzima wezi, hata nyanya yake aliiba meno!" Watu wametoka barazani kwao wanashika mbavu. Ilikuwa asubuhi nzuri.

Mbio zile zikatupitisha mbele ya baraza la liwali, na pale kulikuwa na karani mpya. Hakuwa na wiki mbili tangu afike. Katokea bara, mbali huko, amevaa kaptula na soksi ndefu mpaka magotini katika jua lile. Aliona mtu anakimbia na jogoo, akaona mwanamke nyuma yake anapiga kelele za mwizi, akamwamuru askari amkamate. Askari naye alikuwa mgeni. Akamkamata.

Watu wakacheka zaidi. Karani akadhani wanamcheka yeye, akakunja uso. Akanigeukia.

"Mama, jogoo huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulimpa?"

"Sikumpa."

"Umesema huyu ni mwizi?"

"Nimesema."

Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilimsogeza mtani wangu hatua moja kwenye mlango wa mahabusu. Mpaka natambua hivyo, ameshaingizwa, na jogoo amefungwa mguu kwenye meza ya karani. Wazee wakamweleza karani habari ya utani. Akawasikiliza mpaka mwisho, sitasema hakusikiliza. Kisha akasema, "Wizi ni wizi. Ni wizi Kilwa, ni wizi Lindi, ni wizi Ulaya kwa Mfalme. Hakuna wizi wa hapa na wizi wa pale."

Maneno yale yalikuwa yangu mimi, yametoka kwenye soksi ndefu.

Liwali alikuwa safari, ikabidi kungoja siku mbili. Wenye kujua walisema ni miezi sita jela ya Lindi. Na mke wa mtani wangu tumbo lilikuwa limeshuka, siku zake zimefika. Akaja kwangu, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Umenifungia mume," akasema. "Mbona hukumwambia yule karani kuwa ulikuwa unatania?"

"Hakuniuliza."

Akanitazama kama vile mama mkwe alivyonitazama siku ya mchuzi, akaondoka ameshika kiuno.

Siku ya tatu liwali akaketi. Baraza lilijaa, hata wavuvi hawakwenda pwani. Liwali alikuwa mtu mzima wa pwani hii hii, na utani anaujua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaanza taratibu, kama mtu anayemtoa paka kwenye kitoweo bila kumwaga.

"Binti, ulipomfukuza huyu, ulikuwa na hasira?"

"Sikuwa na hasira."

"Basi huo ni utani, na shauri limekwisha."

Karani akasimama na kitabu chake. "Bwana Liwali, niwie radhi. Kitabu hiki Mzungu wetu, Bwana Shauri, anakisoma kila mwezi. Ndani yake hamna mahali pa utani. Mwanamke huyu kapiga kelele za mwizi mbele ya askari, na imeandikwa. Ikiwa alisema kweli, huyu ni mwizi na aende Lindi. Ikiwa si kweli, basi mama huyu kasema uongo. Hakuna la tatu."

Liwali akajikuna ndevu. Jogoo akawika chini ya meza. Karani akamkanyaga kamba, jogoo akawika tena.

"Umesikia, binti," akasema liwali. "Ulisema kweli au ulisema uongo?"

Mtani wangu alikuwa amesimama kati ya askari na ukuta, na majani makavu nyweleni kutoka kwenye godoro la mahabusu. Akaniambia, "Sema kweli yako, mke wangu. Usijiharibie sifa kwa ajili yangu. Nasikia Lindi wanakula nyama kila Ijumaa."

Na nyuma kabisa nikamsikia mama mkwe anamwambia jirani yake, bila kupunguza sauti, "Huyo? Atamfunga. Hakuniachia mimi mchuzi, atamwachia Mmatumbi?"

Nikafikiri. Hapo nitasema nilivyofikiri, mnicheke mkitaka. Nilipopiga zile kelele sikuwa nasema kweli, maana huyu si mwizi, na mimi nilijua si mwizi. Lakini sikuwa nasema uongo pia, maana hakuna mtu pale njiani niliyemdanganya, isipokuwa karani, na yeye hakuwa amealikwa. Nimemwita mtu yule nyani miaka yote, na sijamwona na mkia. Sikuwahi kuhesabu hata mara moja kwamba nimesema uongo. Kumbe kwa muda wote ule mimi mwenyewe nilikuwa na la tatu, nalo halikuwa na mahali katika kitabu cha karani, wala katika yale niliyokuwa nawahubiria watu bila kuulizwa.

Kwa hiyo sikuwa na jibu la kweli la kumpa liwali. Lolote ningesema lingekuwa uongo. Moja lilikuwa na miezi sita na mtoto kuzaliwa baba hayupo. La pili lilikuwa na jina langu tu.

"Nilisema uongo," nikasema. "Niandikeni."

Baraza lote likanigeukia. Mtani wangu alivuta pumzi kama mtu aliyepewa zawadi, akasema polepole, "Eee, mke wangu. Mwongo."

Karani akaandika, halafu akafungua kurasa zake akakuta adhabu yangu: kufagia uwanja wa baraza asubuhi tatu. Akauliza jogoo apewe nani, maana naye ameandikwa.

Liwali akamtazama mtani wangu, ila swali akaniuliza mimi, "Alivuka naye ua?"

"Alivuka," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli.

"Basi ni wake."

Karani akataka kusema neno. Liwali akamtazama, naye karani akaandika.

Nikafagia. Uwanja ule una mikorosho miwili, na mkorosho ukiuacha nyuma ukageuka, umeshamwaga majani mengine. Mtani wangu alikuja asubuhi zote tatu. Alikaa ngazini anachokoa meno, akinionyesha nilipopasahau. Kila mtu aliyekuja kwa shida zake barazani alimwambia, "Unamwona yule? Mwongo. Imeandikwa. Ukitaka ingia ukasome." Na mimi sikuruhusiwa kukasirika, kwa hiyo nilimwambia anatoa harufu ya beberu. Karani alikuwa anatutazama dirishani, kalamu mkononi, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua.

Siku ya tatu akaja na mkewe, tumbo mbele, na bakuli limefunikwa. Ndani yake wali na mchuzi wa yule jogoo wangu.

"Kula, mke wangu mwongo," akasema. "Ni kuku wako."

Nikakaa ngazini nikala. Yule jogoo alikuwa mkongwe, na siku mbili za mahabusu hazikumlainisha. Nyama ilikuwa kama kamba ya nanga. Chumvi mkewe alisahau kabisa, na tui limekatika. Watu wa barazani wakasogea, maana walinijua. Mama mkwe naye alikuwapo. Sijui nani alimwita.

Mke wa mtani wangu akapangusa mikono kwenye kanga, akaniuliza, "Umekolea?"

Nikamtazama usoni. Alikuwa amevimba miguu, amesimama jikoni na tumbo lile kunipikia mimi, niliyemfungia mumewe.

"Umekolea," nikasema.

Mama mkwe akashika kichwa, akakaa chini.

Uongo wa barazani niliusema kwa mtu asiende jela, na Mwenyezi Mungu ananijua. Huu wa pili sina cha kujitetea. Nilitaka tu yule mwanamke afurahi, naye akafurahi.

Mtani wangu alikuwa ameshaonja ule mchuzi nyumbani. Akageukia dirisha la karani, akamwambia, "Andika na huo."