Kwaya Juu ya Gitaa

Mwanamke aliyetoka Lubumbashi alikuwa na studio ndogo ya kurekodi muziki, na alikuja Kolwezi kwa ajili ya kaseti nne nilizokuwa nazo kabatini kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliweka mashine yake juu ya meza yetu pale mtaani Dilala, akanieleza kwamba vijana wa kwao wanaopiga gitaa kwa ukali, wote walianzia kwenye wimbo mmoja wa kaka yangu. Wimbo huo ulikuwa umenakiliwa kutoka kaseti hadi kaseti mpaka ukabaki mkwaruzo mtupu. Sasa alitaka kusikia rekodi za kwanza zenyewe.

Nilishindwa kuficha mshangao, maana mtaani kwetu hakuna aliyeupenda muziki ule. Yaya, ndivyo ninavyomwita kaka yangu mkubwa, alikuwa na wenzake wawili. Gitaa alilitengeneza mwenyewe, nyuzi zake zikiwa waya za breki za baiskeli. Mwenzake mmoja alipiga besi, wa pili pipa la chuma. Watu walitaka gitaa tamu la kuchezea. Yaya alishika sauti moja tu, akaisugua kwa spana, na juu yake akapaza maneno ya kazini kwake mgodini: zamu, namba, usiguse, toka nje. Kwenye harusi moja walizimiwa umeme katikati ya wimbo. Baba alisema hata mashine ya kusaga mawe ina adabu kuliko wao. Walirekodi katika stoo ya nyumba, redio ya kaseti ikiwa imefunikwa blanketi ili pipa lisimeze kila kitu.

Kundi halikudumu. Mpiga pipa alipata kazi Kisenge, akaugua na kufia huko. Wa besi alivuka kwenda Zambia na hatukumsikia tena. Yaya alibaki kwenye mashine ya kusaga mawe, kelele za miaka zikamla masikio. Ukitaka kusema naye sasa, unasogelea sikio lake la kushoto na kusema polepole.

Siku ile ya mgeni, Yaya alinyoa ndevu na kuvaa koti. Alikaa karibu na mashine ya kaseti ingawa alijua hatasikia.

Utepe wa kaseti ya kwanza ulikatika ulipoanza tu kuzunguka. Ya pili na ya tatu zilikuwa zimeliwa na ukungu. Zilitoa mvumo tu, na mara moja kitu kama mtu anayekohoa. Mgeni alizifuta kwa pamba, akajaribu tena, akaniambia kwa upole, "Mama, hizi zimekwisha."

Ya nne ilikuwa safi. Gitaa lilitoka kwa nguvu mpaka nikasimama. Pipa likaingia, kisha sauti ya Yaya, nyembamba na yenye hasira, ya kijana ambaye nilikuwa nimemsahau. Ikaenda hivyo kama dakika mbili. Halafu tukasikia kishindo kidogo, na wanawake wakaanza kuimba taratibu. Ilikuwa kwaya ya parokia.

Nilijua papo hapo. Mama yetu alitaka kurekodi kwaya yao siku ya sikukuu, akanituma nitafute kaseti tupu. Nilichukua moja isiyoandikwa kitu. Yaya hakuwa ameiandika kwa sababu yeye aliijua. Sikuisikiliza kwanza. Nilikwenda nayo kanisani na kidole kilichobonyeza kitufe cha kurekodi kilikuwa changu.

Yaya aliona uso wangu umebadilika. "Iko nini mule?" akauliza.

Nikainama sikioni mwake. "Ni ninyi batatu, Yaya."

Alitabasamu, akaanza kupiga goti lake kwa kiganja, haraka haraka, mdundo wa lile pipa, huku kwaya ikiendelea na wimbo wake wa taratibu. Mgeni alitazama vitufe vya mashine, hakuizima. Mimi nilibaki nimeshika mgongo wa kiti.

Mgeni aliondoka na dakika zile mbili. Baadaye alinitumia sauti yote ya kaseti ile kwenye simu, gitaa na kwaya, akasema vijana wanazirudia dakika zile siku nzima na wanaomba zaidi. Sikuwa na zaidi. Na kila asubuhi Yaya aliuliza kama nyimbo nyingine zimeshatoka. Nilimwambia bado, kazi ile ni ndefu. Nilisema hivyo siku tisa.

Siku ya kumi alikuwa ameketi barazani. Nilisogelea sikio lake la kushoto. "Yaya, ile kaseti ni miye njo nilifuta. Mama alitaka ya kurekodia kwaya." Pikipiki ya taxi-moto ilikuwa inapita, ikabidi nirudie mara mbili.

Nilingoja anigombeze. Ingenifaa. Aliweka mikono katikati ya magoti.

"Sasa Mama iko anaimba mule?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama amekufa, na hatuna sauti yake popote. Nilifungua simu nikasikiliza kwaya yote, kisha nikairudia. Mama hakuwahi kuongoza wimbo. Alisimama katikati ya wenzake na kuimba nao. Kila nilipodhani nimemkamata, sauti nyingine zilimfunika. Yaya alikaa mbele yangu akitazama mdomo wangu, akingoja nimwambie, na mimi nilikuwa sijui.