Amri za Roboti

Juma lililopita nilikaa nyuma ya darasa la shule moja ya msingi, katika komini ya Tshopo, mtaa mmoja wa mji wa Kisangani, kumtazama mwalimu akifundisha watoto kupanga amri za roboti. Roboti lenyewe, kigari cha plastiki, lilikuwa limeishiwa betri. Basi mvulana mmoja akafanywa roboti, na wenzake wakamwamuru: mbele, kushoto, simama.

Ikafika zamu ya msichana aliyekimbia mapigano ng'ambo ya mto.

"Bon, peleka roboti nyumbani," mwalimu akamwambia.

"Madame, nyumba yetu ilisha kuungua."

"Alors, ilete huku unaishi sasa."

Msichana akamkazia macho yule mvulana. "Kimbia. Ukisikia masasi ya bunduki, lala chini. Simama. Kimbia tena. Usirudi kutafuta mama."

Mvulana alikuwa amelala sakafuni. Hakujua kama ainuke.

Inspekta wa shule aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, kalamu mkononi: "Huyu mutoto iko na akili. Hatua zake zote zinafuatana."

Kweli zinafuatana. Ndizo zilizomfikisha Kisangani, peke yake.