Barafu Iliyotaka Hewa

Naona haya hata kuandika, lakini nikiwa na cheti changu cha ugavi cha masomo ya jioni mfukoni (nilitembea nacho, ndiyo), bado niliamini kabisa kwamba barafu inapumua. Pale mtaani Mirongo nilipopanga chumba kila mtu alijua: ukiifunika inakosa hewa, inatoka jasho, inakufa.

Basi viwanda vya minofu ya sangara vikaanza kuchipuka kama uyoga, na kimoja kikanipa kazi ya kupanga safari za lori la barafu, kutoka mjini, kuvuka kwa feri, hadi mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, upande wa Sengerema. Nikachora mpango kwenye karatasi ya manila ndefu kuliko mimi, mishale myekundu na ya bluu, na siku ya kwanza tu nikagundua kosa la walionitangulia: nusu ya lori ilikuwa pumba za mpunga na maturubai. Nikaamuru vishushwe, tupakie barafu zaidi.

Masanja, dereva, akanitazama. "Bosi, pumba tunaziacha?"

"Barafu ipate upepo, Masanja. Hii ni sayansi."

"Haya. Mwenye cheti ni wewe."

Feri tuliikuta imejaa, tukasubiri ya pili, halafu ya tatu, jua limesimama utosini, na chini ya lori kijito kimeanza kutiririka (naapa bata wawili walioga humo). Nikamwambia Masanja ni jasho tu, akikimbiza gari barafu itapona.

Mwaloni alitungoja Mama Kabula, aliyetukusanyia samaki, na wavuvi wake, na rundo la sangara ambao bila barafu wasingefika jioni. Masanja akafungua nyuma. Yakamwagika maji, yakafuatwa na kipande kimoja kama sabuni ya kufulia iliyotumika wiki nzima.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba. Barafu iko wapi, mwanangu?"

"Kwenye feri ilikuwepo."

Wavuvi walicheka mpaka mmoja akakalia wavu wake. Mama Kabula akaenda nyuma ya kibanda, akafukua kichuguu cha pumba, na humo mkawa na mabonge ya barafu aliyoletewa na lori jana yake, magumu, yana kona zake zote. Sangara wakapona. Mabonge niliyabeba mimi, kichwani, huku wakiniita Bwana Upepo, na tangu siku hiyo sishushi kitu kwenye lori kabla ya kumuuliza dereva kiliwekwa kwa nini.

"Lakini Mama," nikasema, maji yakinichuruzika shingoni, "humo kwenye pumba inapumuaje?"

"Barafu ni maji, mwanangu. Haipumui. Joto huja kutoka nje, na pumba zinalizuia lisiingie."