Kukhu Awatambulisha Wanunuzi

Siku dalali wa korti alipokuja Kabras kunadi shamba letu la miwa, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na nilikuwa msichana mkubwa wa sekondari. Si kwamba sikujua ubaya wa mambo! Baba alikuwa ameweka hati ya shamba rehani benki ili anunue trekta kuukuu. Trekta ikafa, benki ikampeleka kortini Kakamega, akashindwa kesi. Shamba likiuzwa, tungebaki bila hata pa kuchimba choo.

Wanunuzi walikuja wanne, makoti juu ya makoti. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, akatoa viti vyote vya nyumba akavipanga kando ya kaburi la mumewe.

"Karibuni, karibuni! Ketini hapa na mwenye shamba."

Wakaketi. Nani angekataa kiti cha mama mzee? Ndipo akaanza kuwatambulisha mmoja mmoja, utadhani wamekuja kuposa.

"Mzee, huyu ametoka Shieywe. Anataka kulima hapa kwako. We bwana, taja jina la baba yako kwa sauti, huyu hasikiangi vizuri siku hizi. Na boma lenu liko wapi? Akitaka kukutembelea, asipotee."

Lo! Yule akakumbuka ameacha baiskeli barabarani bila kufuli. Wawili wakamfuata kumsaidia kuilinda. Dalali akataja bei, akaishusha, akaishusha tena. Aliyebaki, mkulima wa mahindi wa Lumakanda, aliinua mkono nusu. Kukhu akainamia kaburi haraka: "Ni huyu, Mzee! Mwangalie vizuri!"

Mkono ukaenda kukuna kichwa.

Dalali aliandika kwamba hakuna mnunuzi, akala ingokho yetu, kuku mzima, akaenda zake. Baadaye benki ilikubali kulipwa kidogo kidogo kila miwa ikivunwa. Lakini siku hiyo tuliruka uani kama wehu, baba akiwa mbele, akimwiga yule wa baiskeli.

Kukhu hakucheka. Alikuwa bado ameketi pale pale, na kiti kitupu mbele yake.

"Sasa wewe," alimwambia baba. "Ile hati uliitoa kwenye sanduku langu nikiwa kanisani. Mimi nilishakusamehe. Njoo uketi, umwambie mwenyewe."

Baba akaketi. Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. Mama alituashiria tuingie ndani, lakini mimi nilichelewa mlangoni, nikamsikia.

"Baba," alisema. "Ni mimi."