Sanduku la Kwenye Bango

Tangu aanze kusoma Kijerumani, fundi cherehani aliyeitwa Mama Sindano alikuwa amepoteza wateja sita, na hakuna hata mmoja aliyelalamikia mshono wake.

Kisa kilikuwa bango. Chuo cha lugha kililibandika mkabala na kibanda chake: dada mmoja kavaa koti la uuguzi, meno yote nje, anaburuta sanduku la magurudumu. "Kijerumani: safari yako inaanzia hapa." Basi mtaa mzima ukajua kwamba yeyote mwenye kitabu cha Kijerumani yuko mguu nje. Nani amwachie kitambaa mtu wa namna hiyo?

"Shoga, nirudishie kitambaa changu," muuza mitumba alimwambia. "Usije ukapaa nacho."

"Nipae na watoto watatu?"

"Wenye watoto ndio huondoka kimyakimya!"

Mama Sindano hakuwa na safari. Alikuwa amenunua cherehani kuukuu ya kudarizi, kitabu cha maelezo Kijerumani kitupu, na moyo ukakataa kuishi na kitu asichokielewa. Akaanza kusoma, lugha ikamnogea. Darasani kila mmoja alijitambulisha: muuguzi, naondoka; fundi umeme, naondoka. Zamu yake ikafika. "Mimi fundi cherehani. Nabaki." Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akajificha nyuma ya daftari.

Lakini matokeo ya mtihani yalipotoka, aliyebaki ndiye aliyeongoza. Chuo kikataka picha yake kwa bango jipya. Mpiga picha akampa koti jeupe na sanduku lile lile.

Mama Sindano akaligeuza koti. "Bega hili limeshonwa na nani, adui wa mvaaji?" Kisha akalisukuma sanduku pembeni. "Hili silishiki. Wateja wangu wakiliona, nimekwisha."

"Dada, bango lazima lionyeshe ndoto," mwalimu akambembeleza.

"Ndoto yangu iko kibandani. Nzito kidogo, tafuteni mkokoteni."

Mwalimu akaenda kwa mkurugenzi. Alikaa huko muda mrefu, sauti zikasikika hadi koridoni. Aliporudi alikuwa anapangusa jasho. "Amekubali. Ila amesema utabasamu."

Wiki ya pili bango la zamani lilibanduliwa. Jipya lilimwonyesha Mama Sindano kwenye cherehani yake, futi ya kupimia shingoni, kitabu wazi mapajani. Tabasamu lenyewe la kulazimishwa, lakini lipo.

Muuza mitumba alisimama akalitazama, akainamisha kichwa huku na huku kama anayetafuta kitu kilichofichwa. Kisha akavuka barabara, kitambaa kile kile kwapani.

"Kumbe sanduku hakuna."

"Hakuna, mama. Simama nikupime, naona umenawiri."

"Umenawiri ndiyo nini? Sema nimenenepa!" Akainua mikono, futi ikazunguka kiuno. "Haya, na hicho Kijerumani chako nisomee kidogo. Nisikie kinavyolia."