Nisomee ya Bi Bado

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kusoma habari nililifanya nikiwa na miaka kumi, mkononi nimeshika mwiko. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta sijui mara ngapi. Kila nilipoifuta nilikuwa natafuta neno laini la kuweka mahali pa "kosa", na kila neno laini nililolipata lilikuwa uongo. Basi libaki kosa.

Enzi zetu (najua, mtu wa miaka ishirini na sita kusema "enzi zetu" ni kujizeesha, lakini wenzangu tuliokulia Tibirinzi, hapa Pemba, mtanielewa) televisheni ya mtaa ilikuwa moja, ya Mzee Faki, mwalimu mstaafu. Ilikaa ukumbini kwake juu ya meza ndogo, na isipotazamwa hufunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kama mwari. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu nyuma ya nyumba. Picha ikianza kuchafuka, mmoja wetu hutoka mbio kwenda kuuzungusha ule mti, na waliomo ndani hupiga kelele dirishani: "Basi! Basi! Umepitisha, yakhe, rudisha kidogo!" Tulikuwa tukifika pale tumeshatoka chuoni kusoma Kurani, tumeshacheza gololi mpaka kucha zimejaa udongo, na wasichana wametoka kwenye nage wakihema. Msimu wa karafuu majamvi hutandazwa mbele ya kila nyumba, na ile harufu yake kali huingia mpaka kwenye nguo za skuli. Tulikaa chini, watu wazima viti vyao, kina mama upande wa mlango wa ndani. Ukikohoa wakati wa taarifa ya habari, unatolewa.

Leo kila mtoto ana televisheni yake kiganjani na hakuna anayemtoa mtu nje. Anasoma msiba huku anachagua kikaragosi cha kulia, cha machozi mawili au cha machozi mengi.

Wasomaji wa habari tuliokuwa tukiwajua ni wawili, kila mmoja na kituo chake. Majina yao ya kweli hatukuyashika. Wa kwanza tulimwita Bwana Harusi. Kila siku suti mpya, kola imesimama, uso unang'aa. Alisoma bila kupumua, na kwake kila habari ilikuwa ya "hivi punde", hata ya mbuzi aliyeanguka kisimani. Wa pili alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani mizito na mtandio usio na ua hata moja. Yeye alisoma kama anayechambua mchele. Anasema maneno matano, anatazama karatasi, anarudi kwetu: "Idadi kamili bado haijajulikana." "Chanzo cha ajali bado hakijathibitishwa." Huyo tulimwita Bi Bado. Akitokea tu, watoto tulianza kwa pamoja, "Bado, bado, bado!" mpaka Mzee Faki anyanyue bakora yake, na vijana wakubwa waliongeza chumvi: "Mzee, geuza! Huyu habari zake mpaka zitufikie zishaoza."

Mtaa mzima, basi, ulikuwa wa Bwana Harusi. Mimi nilizidi wote. Hakuna aliyenifundisha kusoma habari. Nilijifundisha mwenyewe kwa kumwangalia mdomo. Nilikuwa na daftari la kuandikia maneno yake, nikisimama mbele ya kioo cha kabati la mama nikiyarudia mpaka yanyooke, na Kipemba changu nikakiacha mlangoni pamoja na ndara. Nikikosea silabi moja naanza upya toka salamu. Mama aliwahi kuniambia, "Mwanangu, utakuja kukonda kwa habari za watu." Sikumsikia. Nilikuwa nimeshajiona ndani ya suti.

Msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa Bi Zuhura, jirani yetu, mjane. Miguu yake ilikuwa ikivimba, na kile kipandio cha kwendea kwa Mzee Faki kilimshinda, kwa hiyo taarifa ya usiku aliipata kwangu kesho yake. Kila siku alasiri, nikitoka chuoni, nilimkuta jikoni kwake mbele ya jiko la makaa, anapika mkate wa kumimina. Ananipa mwiko, ndio kipaza sauti. Nikimaliza ananipa kipande cha pembeni, kile kilichoungua kidogo na kufanya ukoko, nikipendacho.

"Haya, nsomee. Leo yupi?"

"Bwana Harusi."

"Kila siku Bwana Harusi! Huyo mwanamme hamezi mate?"

"Yule mama hana habari, Bi Zuhura. Kazi yake bado, bado."

"Hebu nsomee yake siku moja nimsikie."

Sikumsomea hata siku moja. Niliona nitapoteza bure sauti yangu. Yeye hucheka tu, akageuza mkate wake, akasema, "Haya, bwana harusi wangu, soma." Alikuwa na mtoto mmoja, Hamadi, aliyekuwa Dar es Salaam akiuza vitambaa katika duka la chini la jengo moja la ghorofa nyingi. Nikimaliza habari za nchi, Bi Zuhura huongeza swali lake: "Na Dar wamesemaje?" Na mimi, kwa sauti ya Bwana Harusi, hujibu, "Dar es Salaam hali ni shwari." Hilo halikuwemo katika taarifa yoyote. Nililitunga mwenyewe kwa sababu lilimfurahisha.

Siku ghorofa lilipoporomoka ilikuwa asubuhi, tuko skuli. Nilirudi nikakuta ukumbi wa Mzee Faki umejaa watu mpaka nje. Lilikuwa lile lile la duka la Hamadi. Simu yake ilikuwa haipokelewi. Bwana Harusi yuko hewani, kila dakika chache ana jipya. Mara walionaswa ni wengi, mara wachache, mara sauti zimesikika chini ya kifusi, mara hazikusikika. Ndipo nikaona jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Wale wale vijana waliokuwa wakipiga kelele "geuza" kumkimbia Bi Bado, mmoja wao alisema kwa sauti ndogo, "Mzee Faki, hebu tuwekee yule mama." Hakuna aliyecheka. Mzee Faki akageuza, na Bi Bado akasema kwamba kazi ya uokozi inaendelea na kwamba majina bado. Watu wakakaa wakamsikiliza akirudia hayo hayo, saa nzima, kama watu wanaokunywa maji.

Niliona wivu, na ndiyo aibu yangu ya kwanza katika habari hii. Mtu yuko chini ya zege, na mimi nimekasirika kwamba mtaa umemsaliti Bwana Harusi wangu.

Jioni ile nilikwenda kwa Bi Zuhura. Hakuwa amewasha jiko. Mwiko alinipa, lakini alinishika na mkono.

"Leo nsomee ya Bi Bado," akasema. "Huyo mwengine simtaki. Nsomee vile vile alivyosema, usiongeze."

Nilimsomea mistari miwili. Majina bado. Akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaona nimemnyima.

Siku ya pili, ilipoadhiniwa adhuhuri, wanaume walikwenda msikitini, na kina mama wakarudi majumbani kusali. Mzee Faki aliniacha mimi mbele ya televisheni. "Iko kwa Bi Bado, iache hapo hapo. Rimoti usiiguse. Likitajwa jina, njoo msikitini uniite. Mimi, si mtu mwengine. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Mzee hajafika hata njia panda, rimoti iko mkononi mwangu.

Bwana Harusi alikuwa amevaa suti ya kijivu. Akasema, "Na hivi punde tumepokea majina ya waliotolewa katika kifusi na kutambuliwa." Akayamimina. La tatu au la nne lilikuwa Hamadi, na jina la baba yake, na "mwenyeji wa Pemba".

Sikwenda msikitini. Nilikwenda mbio kwa Bi Zuhura, na njiani nilikuwa nikiipanga sauti. Hili nalisema kwa sababu sitaki kujificha. Nilikuwa nikiipanga sauti. Nilimkuta kwenye msala, ndiyo kwanza anatoa salamu ya kumaliza sala. Niliingia jikoni, nikachukua mwiko, nikasimama mbele yake.

"Habari zilizotufikia hivi punde! Hamadi ametolewa na ametambuliwa!"

"Katambuliwa? Ndo n'ni?"

"Kajulikana, Bi Zuhura! Wamemtoa, wamemjua!"

Alinitazama usoni. "Yu mzima?"

Hapa ndipo lilipo kosa. Hakuna aliyesema yu mzima. Bwana Harusi hakusema, na mimi nilikuwa najua hakusema, kwa sababu maneno yake nilikuwa nayashika yote. Lakini Bwana Harusi hakuwa na neno "bado" katika mdomo wake, na mimi nilikuwa Bwana Harusi.

"Mzima," nikasema.

Akasujudu pale pale. Aliponyanyuka aliita ukutani kwa jirani, na jirani akaita kwa mwengine, na vigelegele vikapanda mtaa mzima mpaka vikafika msikitini. Kina mama wakaingia na kanga zao. Jiko likawashwa. Bi Zuhura, miguu ile ile, akawa anakwenda na kurudi jikoni akikoroga mkate wa mwanawe, na kila anayeingia anamwambia, "Huyu ndo kanletea," ananishika kichwa. Sijawahi kupendwa vile tena.

Mzee Faki alikuja anahema, kofia iko upande. Alinivuta nje, kwenye majamvi ya karafuu.

"Kasemaje hasa? Neno kwa neno."

Nikamsomea neno kwa neno, na sauti yake yote. Nilikuwa naweza. "Waliotolewa katika kifusi na kutambuliwa."

Mzee Faki akavua kofia. Akasema taratibu, kama alivyokuwa akifundisha darasani, "Aliye hai hatambuliwi, mwanangu. Aliye hai hulitaja jina lake mwenyewe."

Aliingia ndani peke yake. Mimi nilibaki na mwiko. Vigelegele havikukatika mara moja, na ndicho kitu ninachokisikia mpaka leo. Vilizimika kimoja kimoja, kwa sababu wa nyuma walikuwa hawajajua na wa mbele wameshajua. Kilikuwepo kimoja cha mwisho, cha mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, kisha hakikuwepo tena. Mkate ukaungua. Harufu ya mkate ulioungua mpaka sasa hunitoa ndani ya nyumba.

Kabla ya laasiri Bi Bado alisoma jina. Alilisoma pekee, polepole, akatangulia kusema kwamba amefariki dunia. Halafu akasema kwamba majina wameyachelewesha ili familia zijuulishwe kwanza. "Na tumehakikishiwa," alisema, "kwamba jamaa zake wameshajuulishwa." Mzee Faki hakunitazama. Angenitazama ingekuwa nafuu.

Bi Zuhura hakunipiga wala hakunigombeza, na mama yangu, aliyenipiga, alisema ingekuwa bora nipigwe na Bi Zuhura mwenye haki. Siku ya hitma, kisomo cha kumrehemu Hamadi, nilipeleka sahani za tende upande wa wanawake. Alipopokea yake akasema, bila kunyanyua macho, "Miye nlikwambia nsomee ya Bi Bado." Basi. Hakuniita tena kusoma. Mpaka leo nyumba yake haina redio wala televisheni. Nikipita namwamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura," ananijibu, "Marahaba," kwa heshima kamili, kama anavyomjibu mpita njia.

Sasa kazi ya kusoma habari naifanya kweli, katika redio ndogo hapa kisiwani. Sikuisomea chuo chochote. Nimejifundisha kwa kamusi na kwa hofu. Wasikilizaji hawanipendi sana. Wanapenda kijana mwenzangu wa zamu ya mchana, mwenye sauti ya kumeremeta, na siwalaumu, nilikuwa mmoja wao. Litokeapo jambo kubwa, simu za vijana zinakuwa zimeshazika watu na kuwafufua kabla mimi sijamaliza kupiga simu ya pili hospitali. Wananitumia ujumbe: umelala? Wengine wananiita Bwana Bado. Hawajui jina hilo limetoka wapi, wala sitawaambia. Ila nimeona kwamba habari ikimgusa mtu nyumbani kwake hasa, huacha mitandao, akanipigia mimi, akauliza kwa sauti ndogo kama ya yule kijana wa ukumbini.

Enzi zetu hatukuwa bora kuliko hawa. Nataka niseme hivyo kwa sababu kumbukumbu hupenda kutupamba. Tulikuwa na televisheni moja na pupa ile ile. Tofauti ni kwamba sisi, pupa yetu ilibidi ikimbie kwa miguu, na njiani palikuwa na msikiti ambamo ningeweza kuingia nikauliza. Niliupita.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni kidogo. Silitumii neno "kutambuliwa". Kama mtu amefariki, nasema amefariki. Kama yu hai, nasema yu hai. Kama sijui, nasema bado.