Fremu ya Fundi Gonga

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Gonga, na jina hilo alijitafutia kwa mkono wake mwenyewe. Mimi na wewe tukifika kwa mtu tunapiga hodi. Yeye akifika hukunja kidole cha kati, akagonga fremu ya mlango mara tatu, akatega sikio, ndipo asalimie. Mlio usipompendeza, salamu itangoja. "Shemeji, hapa pamebaki ganda tu," atakuambia mbele ya wageni wako, kisha achomoe bisibisi mfukoni na kuizamisha kwenye mbao mpaka kwenye mpini. Watu walimshukuru kwa mdomo na kumlaani kwa moyo.

Alikuwa seremala wa miaka thelathini na, tuseme haki, mchwa aliwajua. Alikuonyesha mbawa za kumbikumbi zilizolundikana chini ya dirisha baada ya mvua, akakuambia hao si wapita njia, wamekuja kutafuta makazi. Alikuonyesha ile njia nyembamba ya udongo inayopanda ukutani, akavunja kipande chake na kukuagiza: "Ngoja siku mbili tatu. Ukikuta wameiziba, ujue wamo kazini." Kisha alijipiga kifua. Mbao iliyochaguliwa na yeye haijaliwa hata siku moja, na asiyeamini aende akaitazame nyumba yake.

Lakini kinyozi hajinyoi. Nyuma ya nyumba hiyo hiyo, ukuta ulikuwa umeegemezewa rundo la vipande vya mbao, masalia ya kila kazi aliyoifanya tangu aoe. Maseremala wote wana ugonjwa huo. Kipande cha shubiri moja hakitupwi, eti kitafaa siku moja. Siku hiyo haikufika. Ilifika mvua, na ardhi chini ya rundo ikawa haikauki mwaka mzima. Kwa maneno mengine, bwana mkubwa aliwaandalia mchwa karamu, akawawekea na ngazi ya kuingilia ndani.

Mkewe alikuwa mshona nguo, mwenye macho ya kuona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Yeye aliziona mbawa miaka miwili nyuma.

"Baba watoto, tuna mchwa."

"Hizo ni mbawa za nzi," alijibiwa.

Mlango wa sebuleni ukaanza kukwama. Akaambiwa ni unyevu. Akaweka sikio kwenye fremu, akasikia mkwaruzo. Akaambiwa ni panya. Mtu wa dawa ya mchwa alikaa mtaa wa pili tu, lakini gari lake lilichorwa mdudu mwekundu mkubwa kama mbuzi. Gari hilo lisimame mlangoni kwa Fundi Gonga mchana kweupe? Afadhali nyumba imwangukie kichwani.

Kwa hiyo kila Jumapili, majirani wakiwa hawajatoka, alikwangua njia za udongo, akanyunyiza mafuta ya taa, akapaka rangi juu. Mchwa wa juu walikufa, wa ndani wakaendelea na maisha yao. Rangi hawaili, kwa hiyo waliiacha. Fremu ya sebuleni iling'aa kuliko zote mtaani.

Ndipo shule ya jirani ikaanza kujenga madarasa manane. Milango kumi na sita, jamani, na madirisha yake. Gonga hakuwahi kupata kazi kama hiyo tangu ashike randa, na aliitaka mpaka chakula kikawa hakimpiti. Mwalimu mkuu alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, asiyependa maneno mengi.

"Fundi, mlango mpya kila mtu anao," alimwambia. "Mimi nataka kuona mlango wako wa miaka kumi. Jumamosi nitakuja kwako."

Jumamosi asubuhi Gonga alipitisha kidole kwenye fremu ya sebuleni, usawa wa bega, na kidole kikaingia. Alijaza tundu kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi, halafu akamwendea mkewe kwa sauti laini ambayo mama wa watu hakuisikia tangu enzi za uchumba.

"Mama watoto, mwalimu akija, wewe simama hapa na sinia ya chai. Usibanduke."

"Nisimame kama nguzo?"

"Kama mwenye nyumba."

Mkewe akaitazama ile rangi mbichi, akamtazama mumewe, akaenda kuchemsha chai. Mwanamume mwerevu angeogopa hapo hapo.

Mwalimu alifika saa kumi. Alianzia jikoni, akafungua mlango, akaufunga, kisha akakunja kidole cha kati na kugonga mara tatu. Mwalimu alijifunza ugongaji huo kwa Gonga mwenyewe, siku fundi alipoliumbua kabati la ofisi ya shule mbele ya wazazi wote. Mlango wa jikoni uliitika vizuri, na wa chumba cha watoto pia. Mwalimu akageukia sebuleni, ambako mkewe Gonga alisimama na sinia, bega limeziba palipooza.

"Karibu chai, mwalimu," alisema, na mwalimu akachukua kikombe. Halafu, midomo ikiwa haisogei, akamnong'oneza mumewe: "Utamwita mtu wa dawa?"

"Tutaongea," Gonga alinong'ona, meno yote nje kwa ajili ya mgeni.

Mkewe akasogea hatua moja kushoto.

"Mama watoto, tafadhali."

"Na lile rundo?"

"Lile lina vipande vizuri vya..."

Akasogea hatua ya pili. Doa la rangi mbichi lilikuwa wazi sasa, na mwalimu alishaweka kikombe chini, kidole kinakunjwa.

"Nitamwita," Gonga alisema kwa pumzi ya mwisho. "Kesho asubuhi. Na rundo litaondoka lote, mke wangu, lote."

Mkewe akarudi mahali pake. Ushindi ulikuwa umemjaa mpaka kooni, akaegemea fremu kwa uzito wote wa miaka miwili ya kuambiwa ni panya.

Fremu haikupiga hata kelele. Ilibonyea, ikapasuka, ikaanguka vipande, na mchwa weupe wakamwagika juu ya viatu vya mwalimu mkuu. Sinia ilipona, chai haikupona.

Gonga akafungua mdomo aseme unyevu. Akamwona mkewe, rangi begani, vumbi la mbao kwenye nywele, anamngoja. Aliona haya, haya ya kweli, na uongo ukamkwama.

"Ni mchwa," alisema. "Miaka miwili sasa. Mke wangu aliniambia. Wametoka kwenye rundo langu la mbao huko nyuma, nililiegemeza ukutani mwenyewe. Mimi nikawa napaka rangi. Shuleni, mwalimu, udongo wa msingi upigwe dawa kabla ya sakafu kumwagwa, na kipande cha mbao kisiachwe karibu na ukuta. Bila hivyo, hata mlango niutengeneze mimi, utaliwa."

Mwalimu alikung'uta viatu polepole. Kisha akainama, akaokota kipande kirefu cha fremu. Nje kiling'aa, ndani kilikuwa kitupu, ungeweza kukipuliza kama filimbi.

"Kazi ni yako," alisema. "Lakini hiki kitakaa juu ya meza yangu mpaka mlango wa kumi na sita. Kila mzazi akiuliza, nitamweleza ni cha nani."

Mkewe Gonga aliinua vikombe, akatoa kitambaa cha sinia, akakikunja vizuri na kumpa mwalimu afungie. Gonga akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, akiwaitikia majirani salamu moja moja, aibu yake ikiwa kwapani mwa mwalimu, imefungwa kwa kitambaa cha maua.